Uwanja una asilimia, duara halina

Siku hizi haipiti wiki bila kusikia neno "asilimia". Waziri amefika kwenye ujenzi wa uwanja mpya wa Arusha, amevaa kofia ngumu, amesomewa taarifa na mkandarasi, ametoa maagizo. Baada yake amefika Katibu Mkuu. Baada ya Katibu Mkuu imefika kamati. Na kila anayeondoka pale anatuachia asilimia mpya: ujenzi ulikuwa hapa, sasa umefika pale, na mkandarasi ameambiwa aongeze watu wafanye kazi usiku na mchana.

Sababu yake inajulikana. Mwezi Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Hakuna hata moja kati ya nchi hizi tatu iliyowahi kuyaandaa mashindano hayo. Kwa hiyo Wakenya wakaanza kujenga uwanja wa Talanta jijini Nairobi, Waganda wakaanza wa Hoima, mji wa mafuta, na sisi mwaka 2024 tukatia saini mkataba na kampuni ya Kichina kujenga Arusha uwanja wa watazamaji 30,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na unaochukua watu 60,000, ukafanyiwa ukarabati. Ule wa Amaan, Zanzibar, ulikarabatiwa ukafunguliwa upya mwishoni mwa 2023.

Shinyanga na Geita hazimo katika orodha hiyo. Mpira wa 2027 watu wa huku watautazama kwenye vibanda vya video na kwenye migahawa kama walivyozoea. Hata hivyo nimeona ni huku ndiko mahali panapofaa kuuliza swali la kimaadili kuhusu viwanja hivi, kwa sababu dhahabu ni miongoni mwa bidhaa zinazoongoza kuliingizia taifa letu fedha za kigeni, na sehemu kubwa ya dhahabu hiyo inatoka katika ukanda huu: Geita, Nyarugusu, Kahama, Bulyanhulu, hadi machimbo madogo ya vijiji vya Shinyanga Vijijini.

Swali lenyewe ni lipi? Kabla sijalifikia, inabidi tuyaweke kando maswali mawili ambayo huulizwa kila siku na ambayo, kwa maoni yangu, hayatufikishi popote.

La kwanza ni lile linalosikika barazani baada ya swala ya Ijumaa: je, huu mpira si upuuzi tu? Wapo wazee wetu wanaosema kuwa taifa linalotumia mabilioni kwa ajili ya watu 22 kukimbizana na ngozi limepoteza mwelekeo. Wapo vijana wanaowajibu kuwa mpira ni ajira. Mimi naona dini yetu imekwisha kutupa nafasi katika jambo hili. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), na Mtume akamruhusu Bibi Aisha (r.a.) awatazame mpaka aridhike mwenyewe. Imepokewa pia kuwa alishindana naye mbio. Mchezo kwa asili yake haukukatazwa. Kinachokatazwa ni yale yanayoambatanishwa nao: swala kupitwa, ulevi, uchi, na hii kamari ya kubashiri matokeo ambayo leo imejaa kwenye simu za vijana wetu. Hayo yana makala yake. Lakini uwanja, kama uwanja, si dhambi.

Swali la pili ni la fedha: je, mabilioni haya yasingejenga zahanati na visima? Swali hili linavutia, na limebeba ukweli. Wanazuoni wetu wa usuli, akiwamo Imam Ghazali na baadaye Imam Shatibi, wameyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu. Kwanza ni dharura, yaani yale ambayo yakikosekana maisha, dini, akili, kizazi na mali huangamia. Kisha yapo mahitaji, ambayo yakikosekana watu hupata dhiki. Mwisho ni mapambo, ambayo yakiwepo maisha hupendeza. Uwanja wa kisasa hauwezi kuwekwa katika daraja ya kwanza hata ukiutetea vipi.

Lakini tuwe waadilifu. Hoja ya "fedha hizi zingejenga zahanati" ina udhaifu wake. Fedha za uwanja zisingepatikana bila mashindano, na mashindano yakifutwa leo hakuna anayeweza kutuhakikishia kuwa kesho asubuhi fedha hizo zitakuwa njiani kwenda kijijini. Kabla ya mwaka 2023 hapakuwa na uwanja wowote wa Arusha wa kulaumiwa, na vijiji vilikuwa na shida zilezile. Tena uwanja una manufaa yake: barabara, hoteli, vibarua, wageni. Anayetaka kuulaumu uwanja inabidi atafute jambo zito kuliko gharama zake.

Jambo hilo zito, ndugu msomaji, limo ndani ya lile neno asilimia.

Hebu tujiulize: kwa nini uwanja una asilimia? Ni kwa sababu yupo anayeuliza. CAF hutuma wakaguzi wake. Hao hawaji kusalimia. Wanapima nyasi, wanahesabu taa, wanaangalia vyumba vya kubadilishia nguo, milango ya dharura, mahali pa gari la wagonjwa, viti vya waandishi. Wakisema haufai, haufai. Wakenya wanalijua hilo kuliko sisi. Walipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, wakaonekana hawajajiandaa, likapelekwa Afrika Kusini. Wakapewa CHAN ya 2018, ikapelekwa Morocco. Na sisi sote watatu tulionja ladha hiyo Januari 2025. CHAN ilikuwa ianze Februari, CAF ikatazama maandalizi yetu na kuyasogeza mashindano hadi Agosti. Hakuna aliyeandamana wala aliyesema tunaonewa. Tulirudi kazini tukamaliza. Tarehe 2 Agosti 2025, mashindano yakafunguliwa katika uwanja wa Mkapa, na Taifa Stars ikaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0.

Hebu tazama pia jambo dogo lililotokea Aprili 2023, taa za uwanja huo zilipozimika Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria. Taifa zima lilitaka maelezo, na hakuna aliyethubutu kusema kuwa kukatika kwa taa ni jambo la kawaida katika nchi maskini.

Naam. Hilo ndilo ambalo viwanja vimetufundisha. Vimetuonyesha kwamba tunaweza. Tunaweza kuweka tarehe na kuitimiza, tunaweza kumkaripia mkandarasi, tunaweza kuona aibu taa zikizimika, na tunaweza kukubali kuambiwa "hapana" na tukajirekebisha. Mtu aliyekuwa akidhani kuwa sisi ni watu wasiojua wakati wala hesabu, uwanja umemkanusha.

Sasa tuje Shinyanga.

Tarehe 11 Agosti 2025, mashindano yale ya CHAN yakiwa katika hatua ya makundi na nchi nzima ikizungumzia mpira, ardhi ilititia katika machimbo ya dhahabu ya kijiji cha Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga. Watu 25 walifukiwa. Waliotolewa wakiwa hai walikuwa wachache tu. Ndugu zao walibaki juu ya kifusi, siku zikawa wiki, wakisubiri mitambo iwatolee maiti zao wakazizike.

Hili halikuwa la kwanza, wala huwezi kusema lilitushtukiza. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangarata, Kahama. Baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai, na mmoja wao akafariki baadaye hospitalini. Dunia nzima ilistaajabu kwa muujiza ule, lakini wachache waliuliza ilikuwaje binadamu wakae chini ya ardhi siku 41 bila kufikiwa. Januari 2017 wachimbaji 15 walikwama chini ya ardhi katika mgodi wa Nyarugusu, Geita, wakaokolewa wote baada ya siku kama tatu. Alhamdulillah. Januari 2024, jirani na sisi huko Bariadi, watu 22 walipoteza maisha machimboni. Kila mara tunatoa rambirambi, tunaunda tume, tunasahau.

Kwa msomaji wa mjini ambaye hajafika machimboni, ni vizuri aelewe kazi hii inavyofanyika. Shimo linaitwa duara. Kuna mwenye leseni ya eneo, chini yake kuna mwenye duara, na pembeni kuna mfadhili anayetoa chakula, kamba, mafuta ya jenereta na baruti. Chini kabisa, kwa cheo na kwa maana halisi ya neno, yuko mchimbaji. Kuta za duara huzuiwa na magogo yanayoitwa matimba. Matimba ni fedha, na mvua ikinyesha yanatakiwa yaongezwe. Mchimbaji kwa kawaida halipwi mshahara. Anapata mgawo wa mawe, na mawe yakipita kwenye karasha na mwaloni ndipo ajulikane kama amepata au amekosa. Kwa hiyo kila siku inayotumika kuimarisha duara badala ya kuchimba ni siku ya njaa kwa wote waliomo katika mnyororo huo, na aliye chini ndiye anayeisikia njaa hiyo kwanza. Faida inapanda juu, hatari inashuka chini. Hapo huhitaji mtu mbaya ili watu wafe. Inatosha kila mmoja afanye haraka kidogo.

Je, hakuna sheria? Ipo. Kuna ofisi za madini za mikoa, kuna Tume ya Madini, kuna kanuni za usalama, na wapo maafisa wanaofanya kazi yao kwa uaminifu wakiwa na gari moja na maduara yasiyohesabika. Sitaki kumtupia lawama afisa wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba mbele ya duara hakuna anayeweza kusema "hapa leo hapachezwi" akasikilizwa kama CAF inavyosikilizwa. Mchana shimo likifungwa kwa utepe, usiku watu wanarudi kwa tochi. Na hakuna waziri anayekuja kila mwezi kutuambia kuwa ukaguzi wa maduara ya Shinyanga umefikia asilimia ngapi, kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Najua nitajibiwa, na majibu yenyewe yanastahili kusikilizwa.

Jibu la kwanza: uwanja ni mmoja, maduara ni maelfu, tena yanahama. Hilo ni kweli, lakini tazama tulichofanya mwaka 2019. Tulipoona dhahabu ya wachimbaji wadogo inatoroshwa na taifa linakosa mapato, tulifungua masoko ya madini, la kwanza likiwa hapo Geita mwezi Machi mwaka huo, na baada ya muda mfupi masoko na vituo vya ununuzi vikaenea mikoa mbalimbali. Leo dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa hadi sehemu ya gramu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka mrabaha wa asilimia 6 kwa dhahabu na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 juu yake. Tafakari maneno hayo: ada ya ukaguzi. Dhahabu ikishatoka shimoni inakaguliwa, na ukaguzi wake una bei inayojulikana. Maduara yaliyohama na yasiyohesabika tuliweza kuyafikia pale tulipokuwa tukidai haki ya serikali. Basi ugumu wa kuyafikia pale tunapodaiwa haki ya mchimbaji umetoka wapi?

Jibu la pili: mchimbaji anaijua hatari na ameichagua mwenyewe. Hili husemwa hata na watu wema. Lakini mchezaji wa mpira naye huchagua kucheza, tena kwa mshahara mnono, na bado hatumruhusu acheze kwenye uwanja wenye mashimo. Hatumwambii kuwa kuvunjika mguu ni juu yake. Shirikisho letu wenyewe, TFF, huvifungia viwanja vya mikoani kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea. Tumekubali kwamba goti la mchezaji lina mwenye kulilinda hata kama yeye mwenyewe yuko tayari kulihatarisha. Basi na kifua cha mchimbaji nacho kitafutiwe mwenye kukilinda.

Jibu la tatu: nchi maskini haiwezi kila kitu. Lakini Shinyanga yenyewe ni shahidi kwamba linalotakiwa kweli huwezekana. Watu wa huku walikuwa wakigombea maji na ng'ombe kwenye malambo. Serikali ikaamua kuvuta maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga kwa fedha za ndani, ingawa Misri ilikuwa ikidai haki zake katika maji hayo kwa mikataba ya enzi za ukoloni. Mwaka 2009 mradi huo ukazinduliwa. Hapakuwa na CAF. Palikuwa na uamuzi, na mwenye haki asifiwe kwa haki yake. Kwa hiyo anayetuambia haiwezekani, tumwambie atazame bomba la maji na atazame uwanja, kisha atuambie tena.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo nilisema nitalifikia: kwa nini tunatimiza ahadi tuliyompa mgeni kuliko ile tuliyompa mwenye nyumba? Mgeni akija tunapaka rangi, tunatoa vyombo vya kabatini, tunamwekea taa. Huo ni ukarimu, na ukarimu ni sehemu ya dini yetu. Lakini ukarimu wa mtu anayewalaza watoto wake chini ya paa linalotaka kuanguka ili sebule ipendeze una kasoro, hata kama mgeni ataondoka akimsifu. Na kasoro hiyo si ya fedha tena. Inahusu ni nani tunayemwogopa.

Uislamu ulilijua tatizo hili zamani, na ukaliwekea taasisi yake: hisba. Muhtasib alikuwa afisa anayezunguka mji akiangalia mizani za wafanyabiashara, kuta zinazotaka kuangukia wapita njia, wanyama waliobebeshwa mizigo wasiyoiweza. Imam al-Mawardi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ametaja miongoni mwa kazi zake kuwazuia wenye vyombo wasipakie kupita uwezo wa chombo wala wasisafiri katika upepo mkali. Watu wa Kanda ya Ziwa wanaoikumbuka MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018 hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Muhtasib hakusubiri mgeni aje. Alimkagulia mwenyeji, kwa niaba ya Mola wa mwenyeji. Na tumepokea kuwa Sayyidna Umar (r.a.), akiwa Madina, alihofia kuulizwa na Mola wake hata kuhusu mnyama atakayejikwaa katika ardhi ya Iraq, kwa nini hakumtengenezea njia. Mnyama, tena Iraq. Sisi tunazungumzia binadamu 25, tena Shinyanga, mji wenye reli na lami.

Hapo sasa nawageukia Waislamu wenzangu, kwa sababu ni rahisi kuandika makala ya kuilaumu serikali na kisha kwenda kulala.

Sisi wa mjini tunaijua dhahabu vizuri. Tunaitoa mahari, tunawavisha mabibi harusi, tunaipeleka kwa sonara ipimwe, na mwenye kumcha Mungu anajua kuwa ikifika gramu 85 na ikapitiwa na mwaka inampasa zaka. Madrasa tumesoma hadi zaka ya madini, kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi'i ni robo ya ushuri. Tumefundishwa kuipima dhahabu. Lakini ni lini umesikia khutba ya Ijumaa, Kariakoo au Mwanza, ikiuliza dhahabu hii imetoka duara gani, na aliyeichimba alipanda salama au alifia humo? Bangili ni halali kwa mvaaji, sisemi vinginevyo. Nasema aliyefaidika na jasho la mtu ana haki ya kuuliza habari zake, na pengine ana wajibu.

Tazama pia tunavyojenga. Mfadhili kutoka nje akitupa fedha za msikiti anataka picha: picha ya msingi, picha ya lenta, picha ya paa. Kwa hiyo msikiti unapanda kwa wakati, na siku ya ufunguzi kuna mgeni rasmi na pilau. Pembeni ya msikiti huohuo kuna banda la madrasa ambalo bati lake limetoboka, na ustadhi ambaye posho yake haijulikani italipwa mwezi gani. Hakuna mfadhili anayetaka picha ya posho ya ustadhi. Basi ugonjwa ni uleule. Panapoulizwa panafanyika, pasipoulizwa panangoja.

Na sisi tumewahi kuuliza. Mwaka 2008 BAKWATA, pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), zilitoa ripoti kuhusu namna taifa lilivyokuwa likikosa manufaa ya dhahabu yake. Najua wengi wa wasomaji wa safu hii wana yao na BAKWATA, lakini jambo jema lisemwe ni jema. Ripoti ile ilikuwa ni hisba. Viongozi wa dini waliingia katika hesabu za mrabaha na kodi bila kuambiwa kuwa wanachanganya dini na siasa, au waliambiwa na wakaendelea. Miaka tisa baadaye sheria za madini zilirekebishwa, na mrabaha wa dhahabu ukapanda. Sisemi ilikuwa kwa sababu ya ripoti ile peke yake. Nasema sauti ile ilikuwepo. Kwa upande wa mapato tulipata wa kuuliza. Kwa upande wa roho za wachimbaji bado.

Wakati huohuo katika ukanda huu mpira nao unalishwa na madini. Sheria ya sasa inaitaka kampuni ya madini ikubaliane na halmashauri juu ya mpango wake wa kuihudumia jamii, na uwanja wa Magogo mjini Geita ni katika matunda ya fedha za namna hiyo. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu 2021 kwa jina la dhahabu. Mwadui, mgodi wa almasi uliogunduliwa mwaka 1940, ulikuwa na timu yake ya Ligi Kuu hadi 2021. Mwaka uliofuata, Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi huo lilibomoka na kufunika mashamba na nyumba za wanavijiji. Vijana wanaipenda timu, na wana haki ya kuwa na uwanja. Ila halmashauri inapokaa na kampuni kupanga fedha hizo, nani yumo ndani ya chumba kuwasemea walio shimoni na walio chini ya bwawa? Uwanja unaonekana kutoka barabarani na unafaa kuzinduliwa. Timu ya uokoaji yenye mitambo, mafunzo na pampu za hewa haionekani mpaka siku ardhi ititie.

Basi nini kifanyike? Sina haja ya kudai uwanja wowote usimamishwe. Uwanja wa Arusha umalizwe, na umalizwe vizuri, maana kuacha nusu ndiko kupoteza zaidi. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Kila mkoa wenye machimbo uwe na idadi ya maduara yanayojulikana, idadi yaliyokaguliwa katika mwezi husika, na idadi yaliyofungwa kwa ubovu, na hesabu hiyo isomwe hadharani kama inavyosomwa ya uwanja. Duara likifungwa, mchimbaji asiachwe na njaa itakayomrudisha usiku, bali sehemu ya yale yanayokusanywa sokoni imrudie kwa njia ya matimba na vifaa. Mashekhe na maimamu wa Kahama, Geita na Shinyanga waombe hesabu hiyo, kwa adabu na bila kuchoka, kila mwezi. Waandishi wetu wakienda kuandika asilimia ya uwanja, wakumbuke kumuuliza kiongozi huyohuyo asilimia ya maduara. Akisema hana, waandike kuwa hana.

Mwaka 2027 utafika. Tutawapokea wageni, taa zitawaka, na huenda Stars ikatupa furaha tusiyoitarajia, inshallah. Kisha wageni wataondoka na wakaguzi wa CAF watahamia nchi nyingine na madaftari yao. Tutabaki sisi, viwanja vyetu, na mashimo yetu. Mwenyezi Mungu (s.w.) ametufundisha kuwa kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote. Katika hesabu yake hakuna kijiji kilichoachwa nje ya orodha ya miji wenyeji, na ukaguzi wake hauahirishwi kutoka Februari hadi Agosti.